Nilikagua Mdomo wa Mke Wangu Kama wa Ng'ombe

Makosa ni yangu, msinitafutie kisingizio. Mimi ni broka wa ng'ombe pale soko la Lubao. Nafungua midomo siku nzima. Nikiona meno ya chini, nakuambia umri wa mnyama kabla mwenyewe hajamaliza kudanganya.

Sasa mke wangu, tumwite Mama Sharon, akavimba ufizi wa juu, kando ya yale meno mawili ya mbele. Usaha kidogo, na harufu. Nikamwambia afungue. Nikashika taya, nikakagua ya chini, safi. Nikatangaza ugonjwa: uvivu wa kupiga mswaki.

Na alipiganga mswaki mara tatu kwa siku, jamani. Mimi mara moja, nikikumbuka.

Nikamletea mswaki mgumu, akasugua mpaka damu. Usaha ukabaki pale pale. Siku wanakwaya wenzake walikuja kwetu kula, nikaona ni wakati wa mzaha: "Huyu msimsimamishe mbele, mchungaji atazirai." Wakacheka. Jumapili hakwenda kuimba. Miaka miwili akaongea na kiganja mdomoni.

Dada yake ndiye alimpeleka kwa daktari wa meno mjini. Mimi nilienda nikasikie nikisifiwa kwa ukaguzi wangu.

Daktari, msichana mdogo tu, akaweka kioo nyuma ya jino la juu. "Mzee, kuja uone." Kulikuwa na mfereji mwembamba, unashuka nyuma ya jino, unaingia chini ya ufizi mpaka kwa mzizi.

"Amezaliwa nao. Uchafu unajificha mahali mswaki haufiki."

Picha ikaonyesha mfupa umeliwa. Mngekuja mapema, akasema, ningesafisha, niulainishe huo mfereji, niuzibe. Sasa jino halina pa kushikilia.

"Lakini mimi nilimkagua," nikasema.

"Ulikagua wapi?"

Nikamwonyesha meno ya chini. Ng'ombe hana meno ya mbele juu. Miaka yote hiyo sijawahi kuwa na sababu ya kuangalia huko.

Jino liling'olewa. Amewekewa la bandia, amerudi kwaya, na wanamsimamisha mbele kabisa. Lakini akiwa jikoni na dada yake nasikia anacheka mpaka sufuria zinalia. Nikiingia, kiganja kinapanda mdomoni. Hiyo inaniuma, na sina wa kulaumu.

Wewe mwerevu wa nyumbani, sikia. Ufizi ukivimba mahali pamoja na ukatae kupona, mpeleke mtu kwa daktari wa meno. Mdomo wa kufungwa ni wako.