Niliandika habari ya uzinduzi kabla ya uzinduzi, sasa mama mdogo anamtafuta mtu niliyemtunga

Wakuu, habari za muda. Hii haijamtokea rafiki yangu, imenitokea mimi, na hadi sasa sielewi nianzie wapi.

Niko Mwanza, kitengo cha habari cha mradi mmoja, jina kapuni. Kazi yangu ni press kit. Kwa wasioijua, ni folda anayopewa mwandishi wa habari akifika kwenye tukio: maelezo ya mradi, picha, flash, na habari iliyoandikwa tayari, yeye anaweka jina lake tu.

Ndiyo, tunaiandika kabla ya tukio. Msinishangae.

Safari hii ilikuwa mtambo wa barafu kwa wachuuzi wa samaki, Kirumba. Nikaandika "umezinduliwa jana". Nikaona habari imepoa, nikatunga mchuuzi: "Samaki wetu hawaozi tena," alisema Bi. Rejina huku akitabasamu. Hilo tabasamu nililipenda mwenyewe.

Siku ya tukio waandishi wakaja, nikagawa folda. Saa tano bosi akapiga simu: mtambo haujafika, tunaahirisha. Watu wakatawanyika. Mimi nikaenda kula, folda sikuzikumbuka.

Asubuhi redio ikasoma yote, neno kwa neno. Bosi akanitumia dole gumba! Nikabaki nashangaa, si yeye aliyeahirisha?

Kumbe mama mdogo, anayeuza sato Igombe, naye alisikia. Sato wakimbakia huwa anawabanika jioni ile ile. Siku hiyo hakuwasha moto. Akapakia ndoo mbili kwenye bodaboda hadi Kirumba, akakuta sakafu tupu ya zege. Akasubiri barafu mpaka giza. Ndoo zote zikaharibika.

Akaja kwangu. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa shida.

"Mwanangu, wewe si uko huko? Nipeleke kwa huyo Rejina, anionyeshe samaki wake anawaweka wapi."

Nikasema nitamuulizia. Wakuu, aibu niliyoisikia!

Nilichojifunza ni kwamba folda ukishaigawa si yako tena. Lakini kosa ni langu, la redio au la bosi? Hapo ndipo nachanganyikiwa.

Jana mama mdogo kanipigia simu. Safari hii hakuuliza samaki wanawekwa wapi. Kasema, "Huyo Rejina haonekani kabisa. Asije akawa naye samaki wamemuozea, maskini, kajificha kwa aibu."

Semeni chochote, hata matusi nasoma. Nimwambieje?