Isale la Reli ya Taveta

Baba alinunua ng'ombe Kahe, mimi nikiwa bado na meno ya utoto, na ng'ombe huyo akakataa kuvuka reli. Tulimvuta, tukamsukuma. Baba akamtukana kwa Kichagga, kisha kwa Kiswahili, maana muuzaji alikuwa Mpare na hatukujua mnyama amezoea lugha gani. Hakusogea. Mwishowe baba alivua koti lake la kanisani, akamfunga nalo macho, na ng'ombe akavuka taratibu kabisa. Koti lile lilinuka zizi hadi Pasaka. Mama alikuwa anatembea mbele peke yake kwenda misa.

Reli yenyewe ilikuwa ya kwenda Taveta, ile iliyochepuka kutoka reli kubwa pale Kahe. Nasema hivyo, lakini labda ilikuwa ile kubwa. Siku hizi zinaingiliana kichwani. Ninachojua ni kwamba baadaye niliajiriwa kwenye tawi lile la Taveta, mimi na Aloyce, mtoto wa baba mdogo. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kufyeka majani na kukaza skrubu hakuulizi cheti.

Mpaka na Kenya ulipofungwa, treni ikakoma. Sisi tuliachwa pale tufyeke njia isiyopitwa na kitu, na kuangalia vyuma visiibwe. Tulichoma ndizi mchana, tukalala kivulini. Ilikuwa kazi nzuri, sitadanganya.

Ila mwaka ule sikuwa nasema na Aloyce. Kihamba chetu, yaani shamba la ukoo la migomba, na chao vilipakana, na mpaka ulikuwa mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu. Aloyce aliyang'oa akayapanda hatua moja ndani kwangu, akapata migomba yangu miwili. Watu wazima, migomba miwili. Kwetu isale ni mpaka, na isale hilohilo ndilo msamaha. Ukimkosea mtu unampelekea jani limefungwa fundo, naye hana ruhusa ya kukataa.

Siku tuliyoambiwa sisi wa mgambo tujiandae kwenda vitani, Aloyce alinifuata kwenye reli na isale mkononi, limefungwa fundo, bado lina kijiti cha shina chini.

"Kaka, nimekosa. Masale nitayarudisha."

Nilikuwa na hasira bado. Kukataa siwezi. Basi nikajiona mjanja.

"Chomeka hapo," nikamwambia. "Nitalichukua nikirudi."

Alinitazama sana. Kisha akalichomeka kwenye tundu la taruma, lile pao la chuma linalobeba reli, kijiti kikaingia udongoni.

Kesho yake tukapanda treni Kahe. Safari ilikuwa ndefu mno, mabehewa yananuka viatu na machungwa. Mengi ya vita siyaelewi hadi leo. Tulitembea. Tulichimba mahandaki, tukayaacha, tukachimba mengine. Mtu akikuuliza uko wapi, unasema uko nyuma ya huyu. Tulivuka mto Kagera kwenye mvua, na ng'ambo, siku nyingi baadaye, tukakuta migomba. Migomba hadi macho yanachoka. Palifanana na nyumbani lakini hapakuwa na mlima.

Amri ilikuwa wazi: hakuna kuingia migombani. Tulipumzika kando ya barabara, saa nne asubuhi hivi.

"Kaka," Aloyce akasema, "ona pale. Masale."

Kweli yalikuwepo, mstari mzima, kando ya nyumba ya bati.

"Nimeyaona. Kaa chini."

"Hawa watu ni kama sisi. Wana masale, watanipiga risasi ya nini?"

"Aloyce, kaa chini."

"Nakukatia jingine. Hili utalipokea hapahapa, usiniletee habari za kurudi."

Alikuwa anacheka. Akaweka bunduki begani kama jembe.

Niliona mgongo wake.

Kisha majani ya mgomba.

Sikusikia mlio. Watu huniuliza, nao hawaniamini. Hapakuwa na mlio wowote.

Tuliita. Tukaingia watu sita, tukafika kwenye yale masale. Moja lilikuwa limekatwa, utomvu mbichi. Nyumba ilikuwa tupu, Aloyce hayupo. Tukaamriwa kuondoka.

Niliporudi, mama yake aliniuliza jambo moja tu: "Mlikuwa mmepatana?" Nikasema ndiyo. Wakati huo kibarua cha reli kilikuwa kimekwisha, na sikushuka tena kule. Nilikuwa na kahawa, nilikuwa na watoto, sababu hazikosekani.

Mwaka huu nimeshuka. Bodaboda alinitua Kahe nikafuata tuta kwa miguu. Mahali pengine chuma kipo, kimemezwa na miiba. Pengine zimebaki kokoto na kalavati lenye mlango wa maji tu. Nilihesabu makalavati kama zamani, nikapotea, nikaanza upya. Halafu nikaona masale katikati ya tuta, kichaka kirefu kuliko mimi, kwenye joto lile ambako hakuna anayeyapanda.

Pembeni mama mmoja alikuwa anapalilia mahindi.

"Shikamoo mzee. Unatafuta chuma chakavu? Umechelewa, wamekwisha kubeba."

"Marahaba. Haya masale nani kayapanda?"

"Marehemu baba mkwe, nadhani. Au aliyakuta. Alikuwa anasema yasikatwe."

"Alipanda au aliyakuta?"

"Mzee wangu, mimi niliolewa hapa yakiwa hivihivi."

Nikafukua kwa fimbo kutafuta taruma. Chini palikuwa na kokoto. Tundu sikuliona. Labda ndilo, labda lile langu liko mbele zaidi, au lilikauka juma lilelile. Yule mama aliniangalia, akaona nimesimama muda mrefu. Akakata jani moja kwa panga, akalifunga fundo. Sijui nani alimfundisha, labda ameishi na Wachagga. Akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Chukua basi, babu. Usiende mikono mitupu."

Nilitaka kulichukua. Mikono yangu hii ilikuwa imeshatoka mifukoni.

"Liweke hapo," nikasema. "Nitalichukua nikirudi."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nikageuka, nikafuata tuta hadi barabarani, wala sijarudi tena.