Harufu ya Kinywa cha Shabani

Aliyesababisha kifo cha Shabani ni Mkurugenzi wa shule yetu ya Fizi, tuliyemwita Direkteri, aliyeamuru dirisha la maabara lipigiliwe misumari. Wa pili ni mwalimu wa kemia, aliyempa Shabani ufunguo kwa mkono wake, kisha akakana. Naanza na hilo kwa sababu watu hupenda kukimbilia mzuka na kuwasahau walio hai. Mzuka upo, nitaufikia, nami sitaongeza neno. Nimeitumikia serikali mpaka kustaafu. Sina desturi ya kutia sahihi jambo nisiloliona.

Ilikuwa miaka ya hamsini, enzi za Wabelgiji, nasi tulikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Shabani alitoka katika familia ya Waislamu wa Baraka, kule ziwani. Mimi ni Mkristo wa Kilembwe. Niamini, sijaona tena mikono kama ile. Sisi tulipokuwa tukikariri majina ya chumvi kama katekisimu, yeye aliitambua chumvi kwa rangi ya mwali wake. Akidondosha asidi, ungedhani tone linasubiri ruhusa yake.

Siku hizo pipeti, kile kijiti cha kioo cha kupimia asidi, ilivutwa kwa mdomo, kama wazee wanavyovuta pombe kwa mrija. Ramadhani ilipoingia, Shabani alikataa kuivuta mchana. Etiene, mcheshi wa darasa, akamdhihaki:

“Ee Shehe! Hata asidi inaharibu funga?”

“Tumbo yako ndiyo Direkteri yako, Etiene. Yangu inangojea jua izame.”

Tulicheka sote, hata mwalimu. Ndipo mwalimu akampa ufunguo, mbele ya macho yetu, awe anafanya mazoezi yake baada ya kufuturu.

Asubuhi moja tulimkuta sakafuni mwa maabara, amekufa. Vyombo vyake vilikuwa vimekwisha kuoshwa, na nani hatukuambiwa, na kando yake palikuwa na chupa ya spiriti iliyofunguliwa. Mkurugenzi akatutangazia mstarini kwamba Shabani aliingia kwa wizi, akanywa spiriti, akafa mlevi. Na kwamba ndiyo sababu yeye alilifunga lile dirisha, kuzuia wezi wa namna hiyo. Tuliosema habari za ufunguo tulitishiwa kufukuzwa. Mwalimu alikana kwamba aliutoa, akitazama viatu vyake. Je, unajua uzito wa tamko hilo kwa mama Mwislamu, mwanawe kufa mlevi ndani ya Ramadhani? Kule Baraka, majirani wengi walikataa kulifuata jeneza.

Mwezi ule ule ulikuwa haujaisha nilipopangiwa zamu ya kusafisha maabara. Jua lilikuwa limezama punde. Nilipogeuka, Shabani alikuwa mezani, amekunja mikono ya shati. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi nilitaka kukimbia, lakini alikuwa amekwisha anza kazi, nami nikatamani kuona. Alitia unga mweusi wa manganizi chupani, akadondosha asidi, akaipasha moto kwa subira ya mtu anayembembeleza mtoto mchanga. Gesi ikajaa, nzito, rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano. Akalishusha ndani yake ua jekundu. Likageuka jeupe, kuanzia kingo hadi katikati. Sijapata kuona kazi nzuri kama ile ikifanywa na aliye hai.

“Mwalimu alinituma nitengeneze hii klorini ya somo ya kesho,” akasema, sauti yake ya siku zote. “Ilinikaba. Dirisha ikakatala kufunguka. Sasa banasema mi ni mulevi. Karibia, ndugu. Nusa kinywa yangu.”

Nilikaribia, nikanusa. Spiriti haikuwamo. Palikuwa na harufu tamu, nzito, kama asali iliyokauka, nisiyoijua kabisa. Akaniwekea mkono begani: “Umuambie mama.” Kisha meza ikawa tupu, na kavu.

Kesho yake nilimweleza Mkurugenzi, akaniita mshenzi. Nikashuka Baraka. Mama yake Shabani alinipokea mlangoni bila kunikaribisha kiti.

“Batu ba masomo banatafuta nini tena kwangu?”

Nikamweleza yote.

“Ulimunusa kweli?”

“Nilimunusa, mama.”

“Alikuwa ananuka nini?”

Nikamjibu kwamba sijui jina lake. Akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo, akanisogezea puani. Ilikuwa harufu ile ile. Zilikuwa tende, zilizovuka ziwa kutoka Ujiji. Kwetu Kilembwe sikuwahi kuziona.

“Ni mi nilimutumia, za kufuturia,” akasema. “Mutoto wangu alikufa na tende mu kinywa.” Akaketi chini, akalia kwa sauti. Majirani wakaja, wakiwamo wale waliokataa kumzika.

Bega la shati langu la buluu, pale Shabani aliponiwekea mkono, lilikuwa limechujuka kwa umbo la vidole. Hadi leo, kila Ramadhani, shati lolote la rangi nivaalo huchujuka pale pale. Marehemu mke wangu alibadili sabuni, akabadili dobi, mwishowe akaninunulia mashati meupe.

Nawe usomaye, jihadhari: ukiambiwa kwamba maiti alikuwa mlevi, usilirudie neno hilo kabla ya kuuliza ni nani aliyemnusa.

Kwa hiyo natamka rasmi. Ofisi iliyoirithi shule ile na ifike Baraka siku ya Ijumaa, isimame nje ya msikiti, mbele ya dada yake Shabani aliye hai, itamke kwamba kijana huyu alikufa akitekeleza agizo la mwalimu, katika chumba kilichozibwa kwa amri ya Mkurugenzi, bila tone la pombe mwilini. Sitoi ombi. Nadai, na nadai nijulishwe jina la afisa atakayesimama kutamka.