Dagaa wa Kirando walivyopanda ndege, na neno moja lililonyamazisha abiria

Wakuu, habari za humu.

Hiki kisa nimekiona kwa macho yangu na kukinusa kwa pua yangu. Atakayesema ni chai aimimine tu kwenye kikombe anywe, mimi sitagombana na mtu.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni mtu wa Mbeya, kazi ndiyo imenileta Rukwa. Nipo Matai, halmashauri. Na nina tabia moja ya kutaka kujua kila kitu. Mimi naiita udadisi, mke wangu anaiita umbea.

Juzi kati nilikuwa na safari ya kikazi Dar. Nikashuka na basi mpaka Mbeya, pale nikapanda ndege.

Siti yangu ilikuwa ya koridoni. Dirishani alikaa binti mmoja, kitenge chini, juu sweta zito la baridi ya Ufipa. Amepakata shangazi kaja ndogo, imefungwa kamba ya manila huku na huku mpaka zipu haionekani.

Mhudumu akamwambia mizigo haipakatwi, aiweke chini ya siti ya mbele. Akaiweka, lakini akaibana kwa miguu yote miwili.

Mimi hapo tayari roho inaniwasha. Kuna nini humo ndani?

Sikusubiri sana. Ndege iko hewani, kiyoyozi kinapuliza, harufu ikaanza kuja taratibu. Mnaomjua dagaa wa ziwani aliyekaushwa vizuri kwenye mchanga, halafu akakaangwa mkavu, hamhitaji maelezo. Msiomjua, niwaambie tu kwamba harufu yake haiombi ruhusa.

Nikamwangalia binti. Akaangalia nje. Mawingu tu huko, hakuna cha kuangalia.

Sasa mbele yetu alikaa jamaa mmoja, shati limepigwa pasi, mtu wa mjini kabisa. Tangu tunapaa huyu bwana alikuwa ameshavua viatu na kunyoosha miguu mpaka koridoni. Amelaza siti yake mpaka magoti yangu yanaugua. Simu yake iko kwenye spika, anaangalia vichekesho alivyopakua, anacheka peke yake. Hakuna aliyemsema.

Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuziba pua.

"Jamani, nani kapanda na samaki humu?" Akabonyeza kile kitufe cha kumwita mhudumu, akakibonyeza tena kabla hajafika.

Abiria wakaanza. Huyu anapunga hewa kwa kile kikaratasi cha maelekezo ya usalama, yule anapulizia marashi, na marashi yakichanganyika na dagaa ndiyo balaa kabisa. Mama mmoja mtu mzima upande wa pili akasema siku hizi ndege imekuwa kama gulio. Mimi nanusa nusa, na nawaambia ukweli, nusu ya ile harufu ilikuwa soksi za jamaa. Lakini soksi hakuna aliyeziuliza.

Mhudumu akafika. Dada mpole, anatabasamu kikazi. Akauliza mzigo ni wa nani.

Binti akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Wangu, dada. Ni dagaa."

Jamaa akadakia. "Utolewe hapa. Upelekwe hata chooni huko. Tumelipa nauli sisi."

Mhudumu akasema atauhamishia nyuma, na wakifika wataangalia utaratibu. Lile neno utaratibu ndilo lililomtisha binti. Akazidi kuubana mfuko kwa miguu.

"Dada naomba usiuchukue," akasema. "Mama yangu amelazwa Dar, amefanyiwa upasuaji. Tangu siku hiyo hali kitu. Wakimpa uji anageukia ukutani. Ameomba kitu kimoja tu, dagaa wa kwao. Nikifika bila huu mfuko nitamwambia nini?"

Jamaa hakulegea. Akasema kila mtu ana mgonjwa, yeye mwenyewe ana mgonjwa, ila hajapanda na ng'ombe.

Nikataka kumjibu. Jibu lilishafika ulimini, tena la Kinyakyusa. Lakini mhudumu akawahi na swali, nadhani alitaka tu kutuliza hali.

"Kwani dagaa hawa wametoka wapi?"

"Kirando."

"Kirando ndiyo wapi?"

Wakuu, hapa mnielewe. Kirando iko Nkasi, ziwani kabisa, na kutoka huko mpaka Sumbawanga mjini ni safari. Lakini sisi tunaoishi Rukwa tunajua, ukiwa na mgeni hupotezi muda kueleza. Uwe wa Matai, uwe wa Mwazye, uwe wa Kirando, unasema jina moja analolijua kila mtu.

Binti akasema, "Kule Sumbawanga."

Ndugu zangu.

Kile kikaratasi kilichokuwa kinapunga kikasimama hewani. Mama wa upande wa pili akafanya ishara ya msalaba, taratibu, akijifanya anajikuna. Wa marashi akarudisha chupa kwenye pochi.

Mhudumu alikuwa ameshainama ashike mfuko. Akanyooka.

Binti wa watu hana habari. Yeye anadhani bado hajaeleweka, akaongeza: "Mama mdogo ndiye kaufunga mwenyewe. Kaniambia mtu yeyote asiuguse mpaka umfikie mwenyewe."

Hapo ndiyo akamaliza kazi.

Jamaa wa mbele akazima simu. Miguu ikarudi ndani ya viatu, na nilisikia kabisa akihangaika na kamba. Siti yake ikainuka, magoti yangu yakapumua. Kisha akageuka nusu, sauti imekuwa ya mtu wa kwaya.

"Dada yangu, samahani. Mpe pole mama. Mzigo ukae tu hapo, hauna tatizo."

"Hata harufu siyo mbaya," akasema mama wa msalaba.

Mimi nilikuwa nimeuma kola ya shati langu nisicheke.

Niwape kidogo kwa wasiojua. Wenyeji wenyewe wanaeleza kwamba hilo jina kwa Kifipa ni sumba wanga, yaani tupa uchawi. Ukifika pale mjini, ulichobeba ukiache huko nje. Ni mji uliojiita jina la kukataa uchawi, halafu nchi nzima ikalishika jina kwa upande wa pili. Nimeishi Rukwa miaka kadhaa, kitu kilichowahi kunikondesha huku ni baridi ya mwezi wa saba tu.

Ndege ilipotulia nikamwinamia binti. Akaniambia anaitwa Oresta. Nikamuuliza, kwani mama mdogo alikataza mfuko usiguswe kwa nini?

Akashangaa swali lenyewe. "Si nililala kwa binamu zangu Mbeya, kaka. Wale wangewamaliza wote usiku uleule."

Nikacheka mpaka machozi. Akaniuliza nacheka nini, nikamweleza watu walichoelewa. Kwanza akashika mdomo. Halafu akacheka na yeye, akacheka vibaya, na jamaa wa mbele kusikia kicheko kile akazidi kujikunyata.

Tulipotua nilimbebea mfuko mpaka nje, kwa ruhusa yake. Abiria walitupisha njia kama msafara wa kiongozi. Nikampa namba yangu, nikamwambia mimi siwezi kulala bila kujua mama amekula au hajala. Mke wangu najua anasoma huu uzi, ndiyo hiyo namba niliyoitoa, sasa umejua.

Siku zikapita kimya. Nikaanza kuhisi vibaya, nikaogopa hata kuuliza.

Kisha ukaingia ujumbe wa sauti. Nilikuwa nimesharudi Matai, nimesimama nje ya ofisi.

Oresta alisema mama hakula. Walimfungulia mfuko, akatikisa kichwa. Akasema tu uachwe wazi pale kitandani, karibu na mto. Akawa anavuta pumzi, macho amefumba. Oresta akakaa, akamsimulia mambo yote ya kwenye ndege ili muda uende. Mama macho bado amefumba. Oresta akadhani amelala.

Akaingia nesi. Akasimama mlangoni, akakunja uso, akauliza hiyo harufu ni ya nini wodini na nani kaileta.

Oresta akasimama kuomba radhi. Kabla hajafungua mdomo, mama yake, ambaye siku zote hizo alikuwa anajibu kwa kichwa, akafumbua jicho moja.

"Mwambie tumetoka Sumbawanga."

Nesi akaangua kicheko, akaenda kufungua dirisha. Mama naye akacheka, akashika mshono, akalalamika kwamba unamuuma, akaendelea kucheka. Halafu akanyoosha mkono kwenye mfuko mwenyewe.

Ujumbe uliishia hapo. Niliurudia pale nje nikajifanya vumbi limeniingia machoni, na siku hiyo upepo haukuwepo.

Nilichojifunza? Dagaa wafungeni kwenye ndoo yenye mfuniko jamani, abiria nao wana pua. Hilo nalisema wazi, harufu ile ilikuwa kali na wenye kulalamika walikuwa na haki yao. Ila kabla hujabonyeza kitufe, angalia kwanza kama miguu yako iko ndani ya viatu. Na muulize mtu anampelekea nani.

Nimemaliza. Sasa zamu yenu, na mimi nataka kujua: ukiwa hoi kitandani mbali na kwenu, ungeomba uwekewe harufu gani karibu na mto? Mtu wa Sumbawanga akijibu, tafadhali msimkatalie.