Kuku Wasiokula Mchana

Saa saba mchana, bati la banda halishikiki kwa moto. Ndani, kuku weupe mia moja na ishirini wanahema midomo wazi, mabawa wameyaachanisha na miili. Mama Kuku, kama mtaa mzima unavyomwita, anapita katikati yao na ndoo ya maji ya baridi. Chakula hakuna. Amekiondoa tangu saa nne asubuhi.

Mama mkwe wake, aliyeketi kivulini, haafiki hata kidogo. "Mwanangu, hao ni viumbe wa Mungu. Watupie hata kiganja kimoja."

"Mama, kiganja hicho ndicho kilichoniponza."

Hatanii. Msimu wa joto uliopita alikuwa na kuku mia tatu, zimebaki siku mbili wauzwe. Joto likapanda ghafla, kuku wakazubaa, naye akawaonea huruma. Saa sita mchana akawajazia chakula ili wapate nguvu. Hakujua kwamba kuku aliyeshiba huzidi kuchemka mwilini. Kufikia jioni, mia mbili na kumi na nne walikuwa wamekufa.

"Niliwaua mwenyewe, tena kwa mapenzi," anatuambia sisi wageni wake bila kuzungukazunguka. "Nililia mpaka mume wangu akaniuliza kama kuna msiba kwetu. Nikamwambia upo, na marehemu ni zaidi ya mia mbili."

Anacheka, kisha anainua tena ndoo yake.

Alikuwa ameacha kazi ya kufulia watu nguo ili ajitegemee. Baada ya hasara ile akarudi kufua kwa miezi saba, mpaka akapata mtaji wa kuku hawa. Wakifa, anarudi kwenye beseni, na hadhani kama atatoka tena. Mgongo umeshachoka.

Siku hizi anatundika magunia yaliyolowa madirishani, na amepunguza idadi ili kuku wasibanane. Faida nayo imepungua, karibu nusu. Inamuuma, lakini hajutii.

Saa kumi na moja jioni upepo unaanza kupita. Anawarudishia chakula, nao wanakivamia kana kwamba hawajala wiki nzima. Wawili wamekufa. Anawafukia nyuma ya choo, ananawa mikono, anaendelea na kazi.

Kesho mwenye hoteli anakuja kuwachukua waliobaki. Tayari Mama Kuku ameagiza vifaranga wengine, ingawa mwezi ujao ndio huwa na joto kuliko yote. Tunamuuliza kwa nini asisubiri kidogo.

"Nisubiri nini? Jua lipoe?" anauliza. "Litawaka, na mimi nitakuwa hapa hapa mlangoni. Safari hii tunajuana."