Mume wangu bwana shamba alivyogeuza tumbo lake kuwa shamba la majaribio ya mafuta ya mtoto, Kasulu miaka ya sabini

Wakuu, wadogo zangu nawapokelea shikamoo zenu, wakubwa wenzangu nawaamkia.

Jana nimepita kwenye uzi mmoja humu, kina mama vijana wanabishana losheni gani ya mtoto haina aleji. Mmoja anasema ya bluu, mwingine ya pinki, wa tatu anasema zote ni sumu, mtoto apakwe mafuta ya nazi tu yatosha. Nilipofika kwenye nazi nikacheka peke yangu sebuleni.

Nimeona niwape ya kwangu. Siongezi chumvi. Mtu aliyekuwepo Kasulu miaka ile ya sabini katikati huenda aliisikia hii habari, ila aliisikia vibaya, na mtaona kwa nini.

Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Mimi ni mzaliwa wa Nyakitonto, huko huko Kasulu. Niliolewa na Yosia, kijana wa Kibondo, alikuwa bwana shamba na kituo chake cha kazi kilikuwa Kasulu. Mtu mpole, mwembamba, baiskeli yake safi kuliko ya mtu yeyote mjini. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini kufundisha watu kupanda maharage kwa mistari. Na alikuwa na ugonjwa mmoja: kila kitu kwake lazima kijaribiwe kwanza kwenye kipande kidogo. Hata chumvi mpya akinunua, anaanza na kiazi kimoja.

Mtoto wetu wa kwanza akazaliwa, Adela. Mzuri, mnene, anacheka.

Hakukaa sana, mashavu yakawa mekundu. Kisha shingoni. Kisha kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Ngozi ikawa kavu kama ganda la muhogo, sehemu nyingine inatoa maji. Mtoto analia, anajisugua kichwa kwenye kanga yangu mpaka anajitoa damu.

Hapo ndipo watu walipoanza kunipenda.

Kila aliyekuja kumwona mtoto alikuja na chupa. Mama yangu mzazi akaleta mawese. Jirani akaleta poda ya kunukia, ile ukifungua kopo nyumba nzima inanuka harusi. Mzee Salimu mwenye duka karibu na soko, asili yake Tanga, akanipa mafuta ya nazi aliyoletewa na ndugu zake wa pwani. Na mama mkwe, toka Kibondo, akatuma samli ya ng'ombe kwenye chupa iliyofungwa kwa kitambaa, na salamu zake: mpake asubuhi na jioni, usikose.

Na mimi, mama mpya, nikapaka vyote. Asubuhi samli, mchana mawese, jioni nazi, juu yake poda. Nilikuwa naogopa kumkosea mtu.

Adela akazidi kuharibika.

Ikaja salamu ya pili toka kwa mama mkwe. Safari hii haikuwa na chupa. Alisema tatizo ni maziwa yangu. Maziwa ya Nyakitonto ni machungu, mtoto aachishwe, apewe ya ng'ombe. Na ubatizo ulishapangwa kwenye parokia yake Kibondo, ukoo mzima umealikwa, hawezi kuonyesha watu mjukuu anayebambuka.

Wakuu, hiyo iliniingia. Nilikaa jikoni nikawa nanusa maziwa yangu mwenyewe.

Yosia akatoa baiskeli. Alinichukua na mtoto, tukaenda kliniki.

Nesi wa pale alikuwa mama mmoja wa makamo, hana haraka. Akamfunua Adela, akamnusa kichwani, akaniangalia.

"Huyu umempaka nini?"

Nikamtajia. Alikuwa ananisikiliza huku anatikisa kichwa kidogo kidogo.

"Mama, umemkaanga mtoto," akasema. "Acha vyote. Muogeshe maji ya vuguvugu tu, kwa muda mfupi, mkaushe kwa kumgusagusa, usimsugue. Maziwa yako endelea kumpa, hayana kosa. Ngozi ikitulia, utajaribu kitu kimoja tu. Tone dogo mguuni, sehemu nzima isiyo na kidonda. Unasubiri mpaka kesho yake, hata kesho kutwa. Kikikataa, unaacha. Usichanganye."

Mimi nilisikia "endelea kumpa maziwa" nikataka kumkumbatia yule nesi.

Yosia alisikia neno moja tu. Kujaribu.

Njiani alikuwa anasukuma baiskeli, mimi nimembeba mtoto, naona macho yanamng'aa. Akasema, "Mama Adela, hatuwezi kumjaribia mtoto. Mimi ngozi yangu ni mbaya tangu utoto, majani ya kunde tu yananivimbisha. Mtoto karithi kwangu. Tutajaribu kwangu."

"Wapi?"

"Tumboni. Mkononi watu wataona."

Kesho yake akakaa kitandani na kalamu ya wino na rula. Akajichorea vipande mraba tumboni, mistari imenyooka kabisa, na njia katikati ya vipande kama ya kupita na jembe. Kila kipande na herufi yake. N ya nazi. W ya mawese. P ya poda. M. Kipande kimoja akakiacha bila kupaka kitu, akakiandika H, hakuna, cha kulinganishia.

"Bila hiki," akaniambia kwa uzito wote, "hujui kama ni mafuta au ni tumbo lenyewe."

Nilikuwa mke mpya. Nikashika chupa, nikapaka nilipoelekezwa.

Akavaa shati lake, akaenda kazini kijijini Makere.

Sasa kule Makere jua lilikuwa kali. Baada ya kuonyesha watu mistari ya maharage, akashuka kijitoni kunawa. Akainua shati kufuta uso. Mama mmoja alikuwa anachota maji pembeni, akaona tumbo la bwana shamba limechorwa vyumba na herufi.

Yule mama aliacha ndoo.

Habari ya kwanza ilisema bwana shamba ameandikwa. Ya pili ikasema ameandikwa na mganga. Ilipopanda lori kwenda Kibondo ilikuwa imekamilika: mke wake wa Nyakitonto amemchora mumewe herufi za kumfunga asiangalie mwanamke mwingine, na kila herufi ni jina la msichana wa zamani.

Haukupita muda mama mkwe akashuka toka kwenye lori mbele ya nyumba yetu. Alikuja na jogoo kwapani na uso wa kesi.

Hakukaa. Nilimwekea kiti, akakipita.

"Yosia, vua shati."

"Mama, karibu kwanza, upumzike na safari."

"Nimesema vua shati."

Mtu mzima, mtumishi wa serikali, akavua shati mbele ya mama yake na jogoo. Mimi nimesimama mlangoni na mtoto. Nilijua huyu mama akiamini ile habari, ndoa yangu imeisha hapo hapo.

Mama mkwe alikuwa ametoka kuhitimu kisomo cha watu wazima, anasoma kila kitu anachokutana nacho. Akainama, akaanza kusoma tumbo kwa kidole.

"Hii N ni nani?"

"Si mtu, mama. Ni nazi."

"W?"

"Mawese."

Akafika kwenye kipande kilichokuwa chekundu kuliko vyote. Kimevimba kama andazi linaloumuka, kimejaa vipele, hata mistari ya wino imepinda.

"Na hii M?"

"Hiyo ni Mama."

"Mama gani?"

"Wewe, mama. Samli yako."

Jogoo tu ndiye alikuwa anaongea.

Yosia akamweleza yote kwa adabu: nesi, vipande, majaribio. Mama mkwe akasikiliza, kisha akasema, "Nimekulea kwa samli hii hii mpaka umekuwa mtumishi. Leo inakuvimbisha?"

"Ndiyo maana nashangaa. Mama, hii ni samli tupu?"

"Tupu."

"Tupu kabisa?"

Akaangalia dari. Akaangalia jogoo.

"Nilitia dawa ya kuchua kidogo. Ile ya kopo, inayowasha. Nilikuwa najichulia kiuno, ikabaki chini ya kopo, nikasema isipotee. Nikafikiri itamkaza mtoto mifupa."

Niliwapa mgongo, nikaenda jikoni, nikaziba mdomo kwa kanga. Nilicheka, halafu bila kujua nikawa nalia. Maziwa yangu yalikuwa yameshitakiwa kwa ajili ya dawa ya kiuno.

Niliporudi nilimkuta amekaa chini kwenye mkeka. Akanyoosha mikono, nikampa mtoto. Akamfunua shingo, akaitazama muda mrefu.

"Kumbe mimi ndiye nimemchoma huyu," akasema polepole.

"Si wewe peke yako, mama," Yosia akamtuliza. "Angalia P nayo ilivyovimba."

Akanigeukia. "Mwanangu, yale ya maziwa nimeyafuta." Basi. Toka kwa mama mkwe wa Kiha wa wakati ule, hilo ni tamko kubwa.

Wakati huo Adela alishaanza kutulia kwa maji matupu na kuachwa bila kupakwa kitu. Tukarudi kliniki wote, na bibi yake. Yosia akafungua kifungo cha shati kumwonyesha nesi matokeo: samli imekutwa na dawa ya kiuno, poda imekataa, nazi imefaulu, mawese yamefaulu, mtoto aanze nazi leo, mwili mzima.

Nesi akacheka mpaka akashika meza.

"Bwana shamba, maharage yakistawi Kasulu, utawaambia watu wa kando ya ziwa wapande hivyo hivyo?"

"Hapana. Inategemea udongo."

"Basi hilo tumbo ni udongo wako. Kumpunguzia mtoto dawa ya kiuno umefanya vizuri. Lakini yeye ni shamba jingine. Tone, mguuni, subiri."

Sijawahi kumwona mume wangu ameshindwa hoja haraka namna ile. Alifunga kifungo chake.

Tukaanza upya. Tone la nazi mguuni kwa Adela. Mama mkwe akajiteua mlinzi, akakaa na ule mguu kama anayelinda mtama usiliwe na ndege. Kesho yake mahali pale pakawa pekundu, na vipele. Imekataa.

Nilikwenda kumwambia Mzee Salimu mwenyewe, nisije nikasemewa.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimepakwa nazi tangu nazaliwa. Itazame ngozi hii."

Nikaitazama. Ilikuwa nzuri kweli.

"Ni nzuri, mzee. Lakini ya Adela imekataa."

"Imekataa nazi?"

"Imekataa."

Akavua kofia kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba. Mwisho akasema, "Basi asiolewe pwani."

Kilichokubali kilikuwa mafuta ya mgando ya kawaida kabisa, hayana rangi wala harufu, nesi alitupa kidogo kwenye kichupa. Hakuna ndugu aliyeyaleta kwa sababu hayana sifa yoyote ya kujivunia. Tone la kwanza, kimya. La pili, kimya. Tukawa tunampaka kidogo akitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Taratibu mashavu yakarudi kuwa mashavu.

Siku ya ubatizo Kibondo, Adela alikuwa anang'aa. Mama mkwe alimbeba yeye, hakutaka mtu mwingine amguse.

Padre alikuwa mzee mmoja mzungu anayeongea Kiha kama mtu wa pale. Akamwagia mtoto maji vizuri. Kisha akachukua kile kichupa cha mafuta ya kumpaka utosini, akachovya kidole.

Mama mkwe akarudi nyuma hatua moja na mtoto.

"Samahani, Baba. Hayo mafuta yana nini ndani?"

Kanisa zima likasikia. Padre akabaki na kidole hewani.

"Ni ya zeituni, mama, na manukato kidogo. Yamebarikiwa na askofu."

"Askofu aliyajaribia kwa nani?"

Nilimwangalia Yosia nikitafuta msaada. Alikuwa anatikisa kichwa kukubaliana na mama yake.

"Huyu anaanziwa mguuni," mama mkwe akaendelea kwa upole kabisa. "Halafu tunasubiri mpaka kesho."

"Mama, ubatizo hausubiri kesho."

Akafikiri. "Basi weka kidogo, kama punje ya ulezi."

Na padre, Mungu amrehemu, akaweka kama punje ya ulezi.

Chakula cha sherehe kilipoa mbele ya mama mkwe siku ile. Wageni wanacheza ngoma, yeye amekaa na mtoto mapajani, anatazama utosi. Asubuhi yake akautazama tena kwenye mwanga, akageuza huku na huku, akatoka uani tulipokuwa tunaosha masufuria, akatutangazia:

"Mafuta ya askofu ni mazuri."

Wakuu, ndiyo hiyo.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Mtoto mwenye ngozi ya kuchagua hapendi kupendwa kwa chupa nyingi. Kitu kimoja, tone dogo, subira. Kufaa kwangu au kwa jirani si kufaa kwa mwanao, hata kama kopo limeandikwa nini. Na ngozi ikitoa maji au mtoto akipata homa, usije humu kuuliza, nenda hospitali.

Adela sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake, nazi mpaka leo anaila kwenye wali tu, na mwili wake hauna shida nayo humo.

Haya, uwanja wenu. Mliolea watoto wa ngozi ngumu kuelewana nayo, nani alileta chupa iliyowatesa, na mlimwambiaje? Mama wakwe nao wanaruhusiwa kujitetea.