Mkate wa Jemedari

Wateja wa fundi huyu wa sare za shule walikuwa wameshajua: Jumamosi mchana usimpelekee suruali ya kupunguza. Utamkuta dukani, ndiyo, mlango uko wazi, lakini cherehani imefunikwa kitambaa na mwenyewe yuko pembeni mbele ya kompyuta kuukuu, miwani imemshuka puani, anamwendesha mwanamke mwenye mkuki katikati ya msitu. Ukibisha hodi atakujibu bila kugeuka, "Weka hapo, nitaiangalia." Ukiuliza lini, ujue umemchokoza.

Fundi mwenzake wa chumba cha pili, ambaye mtaa mzima ulimwita Spika kwa sababu habari ikishampitia yeye hakuna tena haja ya redio, hakuisha kushangaa.

"Mwenzangu, mtu mzima na akili zako, gemu?"

"Wewe unaangalia tamthilia za watu kulia. Nani amekuuliza?"

"Tamthilia zina mapenzi."

"Na hii pia," alijibu fundi, akaendelea na msitu wake.

Wala hakuwa anatania. Mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa mama yao, alimlea yeye. Mama alifariki mtoto hajaota meno, na dada mtu, ambaye hata harusi alikuwa hajaiwazia, akajikuta mama. Alimlea humu humu, katika chumba cha kushonea, kati ya marobota ya vitambaa na vumbi la chaki. Mtoto alipokuwa kijana akaleta hiyo kompyuta, akasema ni ya mkono wa pili, ingawa kwa jinsi ilivyokuwa ikiunguruma huenda ilikuwa ya mkono wa tano. Ndani yake mlikuwa na gemu moja lisilo na mwisho: milima, mito, miji yenye masoko na walinzi, nawe unakwenda utakako, unapigana na umtakaye, unanunua nyumba, unaoa, ukipenda unaiba kuku. Dada anashona, mdogo anacheza. "Dada, kushoto au kulia?" "Kulia. Kushoto kuna giza." Kulia kulikuwa na dubu. Siku hiyo walicheka mpaka sindano ikamchoma fundi kidole.

Kisha kijana akapata kazi ng'ambo, kwenye ghala la mizigo katika nchi ya baridi. Usiulize fundi alilia kiasi gani. Alilia akiwa anashona, na kuna wanafunzi waliovaa kola zilizopinda mwaka ule kwa sababu hiyo. Lakini kabla ya kuondoka, kijana alikuwa amemwekea mpango.

"Tutacheza kwa zamu, dada. Wiki yangu, wiki yako."

Gemu lenyewe ni la mtu mmoja. Ila unapouhifadhi mchezo, kompyuta inatunza faili dogo lenye kila kitu ndani: Jemedari, ndivyo walivyomwita yule mwanamke wa mkuki, amesimama wapi, ana nini mkobani, kwake ni saa ngapi. Faili hilo unaweza kulituma kwa simu kama unavyotuma picha. Basi wiki moja Jemedari anakuwa ng'ambo na kijana, wiki inayofuata anarudi dukani kwa fundi, na pale mmoja alipoishia ndipo mwenzake anapoanzia.

Fundi alikuwa anamngoja mdogo wake arudi. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake asubuhi na jioni, aseme asiseme. Alimkumbuka hadi mwili ukamuuma. Alikumbuka miguu yake mikubwa inayoangusha vitu, na namna alivyokuwa akila amesimama. Lakini hata siku moja hakumuuliza, "Utarudi lini?" Aliliogopa jibu. Maadamu faili linakwenda na kuja, alijiambia, mtoto yuko safarini tu, hajahama.

Ndiyo maana alishughulika na modi kuliko kijana yeyote wa mtaa ule. Modi ni nyongeza ndogo ndogo ambazo wapenzi wa gemu wanazitengeneza wenyewe na kugawana bure. Yeye alimweleza Spika hivi: umenunua gauni la dukani, ni zuri, lakini kiuno kinapwaya na mifuko haina. Unalipeleka kwa fundi. Gauni ni lile lile, ila sasa ni lako. Alianza na modi ya mvua, maana mvua ya gemu ilikuwa inanyesha mpaka ndani ya nyumba. Akaja na ya majani, kisha ya sura za watu, kwa sababu wanawake wote wa sokoni walikuwa na uso mmoja na alikuwa amechoka kusalimiana na mtu yule yule.

Halafu ikaja kazi yake mwenyewe. Jemedari alikuwa amevalishwa deraya la chuma lililoacha kitovu nje.

"Hivi huyu alishonewa na nani?" alimuuliza mdogo wake kwenye simu. "Unakwenda vitani tumbo wazi? Mkuki utaingilia wapi kama si hapo hapo?"

Akapiga picha vipande vya vitambaa vilivyobaki dukani, akahangaika wiki nyingi na video za mafunzo, akasimamishwa na makosa, akatukana kimoyomoyo, akarudia, hadi Jemedari akapata koti refu la rangi ya udongo lenye pindo safi na mifuko miwili. Kijana alipoliona alipiga kelele hadi fundi akaiondoa simu sikioni. Furaha ya siku hiyo ilimlisha mwezi mzima.

Sharti la modi lilikuwa moja. Kompyuta zote mbili lazima ziwe nazo zile zile, zimepangwa kwa utaratibu ule ule. Mmoja akiongeza yake kimyakimya, faili la mwenzake linagoma kufunguka. Kwa hiyo ilibidi wapigiane simu. "Nimeona modi ya farasi." "Iweke juu ya ile ya majani, dada, usiiweke chini." Mazungumzo yakianzia kwenye farasi yanafika kwenye kikohozi, kwenye viatu vya baridi, kwenye msimamizi wa ghala anayefoka. Spika alipouliza kwa nini wasizungumze tu kama watu wengine, fundi alimwambia asimsumbue.

Modi ya njaa aliitafuta mwenyewe. Ilimjia wazo siku moja anakula, akamtazama Jemedari kwenye kioo cha kompyuta na kuona aibu. Miaka yote ile mwanamke yule alikuwa amepigana, amepanda milima, amevuka mito ya barafu, na hajawahi kutia kitu mdomoni. Modi yenyewe ilikuwa ya watu makini: Jemedari asipokula anaishiwa nguvu, asipolala anapepesuka, na chakula nacho hakidumu. Mkate ukikaa siku moja ya mle ndani unakauka. Ukikaa siku tatu unaota ukungu.

"Weka tu, dada," alisema kijana. "Wazo zuri."

Basi kila zamu yake ilipokwisha, fundi alimfikisha Jemedari kwenye nyumba ya wageni, akamlisha, akamlaza, asubuhi akamnunulia mkate, nyama ya kuchoma na matofaa, akamjazia mkoba ndipo akahifadhi. Alifanya hivyo kwa moyo mkunjufu kabisa. Akifika kwa mdogo wangu, alisema, asimkute na njaa.

Faili la kwanza liliporudi, mkoba ulikuwa umejaa vile vile. Fundi alifurahi. Kijana wangu hodari, alijisemea, amewinda mwenyewe, mkate ameuacha akiba. La pili likarudi hivyo hivyo, naye hakuchunguza zaidi. La tatu aliposhika kipanya na kuufungua mkoba, mkate ulikuwa laini, kama ndiyo kwanza umetoka tanuruni. Na Jemedari alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba ile ile ya wageni, jua la asubuhi likimpiga shavu lile lile.

Wiki nzima kijana alikuwa amemsimulia kwa ujumbe wa sauti, anahema, jinsi alivyovuka bonde na kufukuzana na majambazi. Bonde hilo ni mwendo wa siku mbili za gemu.

Mtu akipenda hutafuta kila sababu. Fundi aliamua kwamba modi imeharibika. Akamwacha Jemedari pale pale mlangoni bila kumgusa, akafunua cherehani na kushona sketi za watu huku akichungulia. Kwenye kompyuta jua likapanda, likatua, usiku ukapita upesi kama ulivyopangwa kupita. Alipomaliza kutia zipu sketi ya kwanza akaufungua mkoba. Mkate umekauka. Akaendelea. Alipokata uzi wa sketi ya mwisho, mkate ulikuwa na ukungu wa kijani, na Jemedari alikuwa ameishiwa nguvu kwa njaa. Modi ilikuwa nzima kabisa.

Akashika tama. Spika alipita mlangoni, akamwona, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akapita bila neno.

Jumapili baada ya chakula cha mchana alipiga simu. Alikuwa amejiandaa kugomba, tena kugomba kweli, kama zamani alipomkuta na sigara.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, baba. Jemedari wetu anaendeleaje?"

"Ah, we acha! Majambazi wamekoma. Tumewafukuza hadi mtoni."

"Na ule mkate niliomfungia?"

"Mkate? Amekula wote, dada."

Fundi alifumba macho. Hasira aliyokuwa ameibeba tangu jana aliitafuta asiione.

"Mdogo wangu, mkate ninao hapa. Uliurudisha laini kama nilivyokupa."

Fundi alisikia kijiko kikigonga sufuria upande wa pili.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Muda, dada. Tangu nihame kule nilikokaa na wenzangu wa ghalani. Nafungua, nahifadhi, nakurudishia. Nilitaka kukwambia."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nikikwambia, tutaongea nini?"

Neno hilo lilimwingia. Alitazama ukuta, akatazama mkasi, akatazama mikono yake. Aliona kwamba mtoto hakumdanganya kwa dharau. Alimdanganya kwa kumhurumia, na huruma ya mtoto uliyemlea ni nzito kuibeba. Mtoto ndiye aliyekuwa anamtunza yeye. Kila wiki alikuwa anamletea kitu cha kumtuliza, kama anavyopewa mgonjwa.

Upande wa pili sauti ya mwanamke iliuliza jambo kwa lugha ya kule. Kijana alijibu kwa lugha hiyo hiyo, haraka, bila kutafuta maneno, kisha akacheka. Fundi alikijua kila kicheko cha mdogo wake. Hicho hakukijua.

"Nani huyo?"

"Ndiyo nilitaka kukwambia, dada. Ni mtu wangu. Jioni nikitoka kazini tunapika, tunakaa. Siku inakwisha tu."

"Anakupenda?"

"Ananipenda."

"Unakula vizuri?"

"Nakula, dada. Nimenenepa, hutanijua."

"Vizuri," alisema fundi, na alimaanisha, ingawa machozi yalikuwa yameshafika. Aliyafuta kwa kitambaa cha sketi ya mteja. Halafu, kwa kuwa hapakuwa tena na farasi wala mvua ya kuzungumzia, alipiga moyo konde.

"Utarudi?"

Hakuongeza "lini". Aliliacha swali hivyo hivyo, na kijana akalielewa. Kijiko kiliacha kugonga sufuria.

"Tutakuja, dada," alisema mwishowe, polepole. "Mwakani tukipata likizo. Nataka akuone. Ila usihangaike na sisi. Tutachukua hoteli, tusikusumbue."

Tangu amlee, fundi hakuwahi kumkaribisha ndani. Kijana alikuwa akiingia tu, anatupa mkoba chini, anafunua sufuria kuona kuna nini. Nani anamkaribisha mtu kwao? Sasa alitafuta la kumwambia, akalipata moja tu, lile unalomwambia yeyote anayesimama mlangoni.

"Karibuni," alisema. "Karibuni sana."

"Asante, dada," alijibu mdogo wake kwa adabu. "Asante sana."